Kuku wa Chumvi, Nguruwe wa Homa

Tulipomaliza kumzika mama mkwe wangu, Bibi Benedikta, sisi wanawake wa ukoo tulibaki nyumbani kwake Maguu kugawana vitu vyake. Kazi hiyo haikutuchosha. Vitenge vya kanisani, masufuria yenye viraka, rozari, koti la baridi, na jembe lililolika mpaka likafanana na kijiko. Mjukuu wangu Imelda, nesi wa Songea, mtoto ninayemwonea fahari hata ninapomgombeza, alisimama katikati ya chumba akazungusha macho ukutani. "Bibi," akaniambia, "si mlisema marehemu alikuwa tajiri? Mbona humu hamna kitu?" Wifi yangu Skola, binti wa marehemu, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mjukuu wangu, utajiri wa mama yangu haukuwahi kulala chumbani. Ulilala nje, na ulikula pumba." Tukacheka wote, chumba cha msiba kikageuka kilabu. Halafu mimi nikatoka kimya, nikaenda kukaa jikoni kwake, maana kicheko changu kilikuwa kimeanza kulowa. Jikoni mle ndimo nilimofundishwa, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kuwa mtu mwenye kitu. Imelda akanifuata, akaniona ninavyofuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Basi andika, Bibi." Nimeandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini darasa la nne la wakati ule mtu alitoka anajua kuandika.

Nilizaliwa na nani, nilikutana vipi na Otmari, hayo nayaruka. Mababu zangu walivua, wakala, wakafa, imetosha. Jueni tu kwamba mimi ni Mnyasa wa ufukweni, upande wa Liuli, Mwanglikana, nikapandishwa milimani kuolewa na Mmatengo Mkatoliki, na kilichonishangaza huku hakikuwa dini yao wala baridi yao. Kilikuwa pesa yao. Kwetu ziwani pesa ni ya kila siku. Usipa wakiingia, wale dagaa wetu wembamba, asubuhi umeshika hela na jioni umekula wali. Wasipoingia, unatafuna muhogo na kungoja giza la mwezi lirudi ili taa za wavuvi zifanye kazi. Hakuna anayeona haya, kwa sababu ziwa halina kufuli. Huku milimani pesa inakuja mara moja kwa mwaka, kahawa ikiuzwa, kama askofu anayekuja kutoa kipaimara. Inapokelewa kwa vigelegele, inachinjiwa, na ikishaondoka huioni tena mpaka mwaka wa pili. Mimi niliolewa Septemba, askofu akiwa bado yupo. Wanaume walikuwa na saa mpya mikononi, nyama ilichomwa kila kona, redio ziliimba mpaka betri zikapoteza sauti. Nikasema moyoni, Rebeka, umeolewa peponi. Nilikuwa sijaiona Januari.

Jiko la mama mkwe lilikuwa chumba cha peke yake nyuma ya nyumba, moshi umelipaka weusi mpaka ukuta unang'aa. Juu ya moto palikuwa na dari ya fito, na kwenye fito yalining'inia mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yake. Moshi uliyapitia kila siku na hakuna mdudu aliyeyagusa. Pembeni palikuwa na mtungi mkubwa wa maharage ya mbegu yaliyochanganywa na majivu. Nyuma ya mlango kuku walitaga ndani ya kikapu kibovu, na ulipoingia ulipaswa kuwaomba radhi. Chakula cha kwanza alichonipa kilikuwa ugali wa mahindi uliosongwa ukasongeka, na maharage yasiyo na tone la mafuta. Nilikula huku macho yangu yanatafuta bakuli la pili.

"Unatafuta samaki," akasema.

"Hapana, mama."

"Unatafuta. Hapa samaki ni hayo maharage. Na ule mtungi usije ukautia mkono hata tukifa njaa. Ule haujui mgonjwa, haujui mgeni, haujui padri."

Nilimwona mchoyo. Leo nikiwasikia vijana wanasema kuweka akiba ni kutunza kinachobaki, namkumbuka nacheka. Mama mkwe hakukifahamu kinachobaki. Yeye alitenga mbegu siku ile ile ya kuvuna, kabla chungu cha kwanza hakijapanda motoni, na sisi ndio tuliokula kilichobaki. Ukilitamka jambo hili linasikika dogo. Lakini mwezi wa Desemba, jirani zetu walipokuwa wanazunguka kukopa mbegu kwa masharti ya kurudisha mara mbili, sisi tulikuwa tunapanda. Nilitazama kikapu changu cha mbegu nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kukopwa na yeye mwenyewe, na akajilipa.

Nimetangulia. Nirudi Septemba. Harusini nilitunzwa fedha kidogo, nikaifunga kwenye pindo la kanga kama tunavyofanya kwetu. Nilikuwa nimeshaona kitenge pale dukani, cha maua ya zambarau, na kila nilipopita nilikigusa ili kisinisahau. Siku moja mama mkwe alinikuta nachambua mboga.

"Ile hela ya kutunzwa iko wapi?"

"Hii hapa, mama, nimeifunga."

"Imelala humo tangu harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi imeshaugua. Hela ikilala ndani ya nyumba inasikia njaa ya kila mtu. Mumeo akitamani nyama, inasikia. Jirani akija kulia shida, inasikia. Wewe ukipita dukani, ndiyo inapiga kelele kabisa. Vaa kandambili twende."

Tulikwenda mpaka Matiri kwa mama mmoja mfugaji, na nilirudi nikivuta kwa kamba nguruwe jike, mtamba aliyekaribia kupandwa, mwenye doa jeusi mgongoni na tabia mbaya. Njia nzima alinivuta yeye. Otmari alikuwa amekaa barazani. Alituona tunavyokuja, akapiga makofi. "Jamani! Mke wangu kaenda kununua kitenge, karudi na mke mwenza!" Majirani wakacheka, na nguruwe yule akaitwa Mke Mwenza tangu siku hiyo. Mimi sikucheka. Nilimlisha pumba kwa hasira kwa muda mrefu, nikimwona kila asubuhi amevaa maua yangu ya zambarau.

Jioni ile ile, mama mkwe akiwa anapuliza moto, akanipa sheria ya nyumba. Hakunikalisha chini, hakukohoa, alisema tu huku moshi unamtoa machozi. "Sikiliza, Mnyasa. Kuku ni wa chumvi. Nguruwe ni wa homa. Kahawa ni ya ardhi. Chumvi ikiisha, sabuni ikiisha, unauza mayai au unauza kuku, hugusi kingine. Mtu akiugua au akifa, nguruwe anatoka bandani. Kahawa ni ya kununua ardhi, kujenga na kusomesha. Ukimpa mmoja kazi ya mwenzake, umaskini umeshavua viatu, umekaa."

"Na mume wangu, mama, yeye ni wa nini?"

Alicheka mpaka akauacha moto ukazimika. "Huyo ni wa kufyeka majani ya ngolo!"

Ngolo ni yale mashimo yetu ya kwenye miteremko. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke anachimba katikati na kuyafukia kwa udongo, na mvua ikija inakaa mashimoni badala ya kushuka na shamba lako mpaka bondeni kwa mwenzako. Kazi nzuri kuitazama ukiwa upande wa pili wa mlima. Mimi niliyezoea mchanga, siku ya kwanza ya kupanda mahindi niliteleza tutani nikaingia shimoni na kikapu changu. "Mnyasa anatafuta maji!" wakapiga kelele wanawake. "Mtupieni nyavu!" Nikatoka nimepakwa tope, nikawaambia, "Nimeyakosa maji, lakini nimewaona vyura." Kuanzia hapo nikawa mtu wao.

Kabla ya hapo, mvua za kwanza zilipopiga, kahawa ilichanua. Asiyeliona jambo hilo hawezi kuelezwa. Mlima mzima unakuwa mweupe na harufu inaingia hata kwenye ugali. Mama mkwe akatuchukua, mimi na Otmari, mpaka shamba la chini, kando ya kijito, palipokuwa na miti ya kahawa iliyoshiba. Akasimama kama mtu anayeuza.

"Miti hii ni yenu. Lakini siyo leo. Mkiichuma wenyewe, mkaimenya wenyewe, mkaianika na kuiuza wenyewe, shamba ni lenu, na ile nyumba mnayolala pia ni yenu. Mkiiuza mtini, hata debe moja, navichukua vyote, na mtalima kwangu kama vibarua mpaka nife. Na mimi sifi mapema."

Na kweli hakufa mapema.

Kuuza mtini ndiyo ugonjwa wa huku. Tunauita magoma. Umekatazwa mara nyingi na bado upo, kwa sababu njaa haisomi matangazo. Mnunuzi anakuja Januari au Februari, ghala limekauka na ada inadaiwa, anakupa hela leo kwa bei ya kutupa, na kahawa ikiiva inakuwa yake. Wewe umepalilia, wewe umechuma, mgongo ni wako, yeye anakuja na magunia. Nilikuwa nimesikia habari hizo nikadhani ni za walevi. Januari hiyo nilikuwa napalilia karibu na uzio, nikawasikia jirani zetu, mtu na mkewe, watu wa heshima, wanaongea upande wa pili.

"Tumpe mistari miwili tu ya kahawa."

"Mwaka jana ulisema mmoja."

"Mwaka jana si tulikuwa hatujamlipa wa mwaka juzi?"

"Sasa si ndiyo nasema, baba. Tutakuja kumpa na mlango."

Kisha nikasikia wanacheka, kicheko cha watu waliochoka. Nilirudi nyumbani nikaangalia mtungi, fito za mahindi, kuku nyuma ya mlango. Chumvi yetu ilinunuliwa kwa mayai. Sabuni vilevile. Tulikula maharage mpaka nikayaota, lakini tulikula. Na Mke Mwenza bandani alikuwa amepandwa, tumbo linaburuza chini. Otmari alishapiga hesabu yake kichwani: watoto wa nguruwe wakiachishwa ziwa, tunauza, tunanunua bati, tunaondoa nyasi juu ya nyumba. Kila jioni aliketi pembeni ya banda akaongea na lile tumbo kuliko alivyoongea na mimi.

Februari, mama mmoja muuza usipa alipanda kutoka ziwani na salamu za kwetu. Nilijua kabla hajatua mzigo, maana alianza kwa kunipa pole. Mama yangu mzazi alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, ana uvimbe tumboni, anatakiwa kupasuliwa, na fedha inahitajika. Nilikaa chini pale pale uani. Otmari akatoka. Niliposimama nikaona anarudi na mtu, Bwana Kaizari, mnunuzi wa magoma wa upande wetu, koti safi, viatu safi, sauti ya upole kama ya mtu anayesoma masomo kanisani. Wakaingia sebuleni kwetu. Sebule yenyewe ilikuwa viti viwili na picha ya Bikira Maria, mvua inavujia kwenye beseni. Alikaa, akaweka kofia gotini.

"Pole sana, shemeji. Mama ni mama. Ugonjwa haungoji Julai."

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo baya lake. Mtu mwongo ungemfukuza.

"Rebeka," akasema Otmari, "mama yako ni mama yangu. Kaizari anatupa leo hii, kesho unashuka."

"Nguruwe yupo," nikasema.

"Nguruwe anazaa mwezi huu au ujao! Tukimuuza sasa tunauza tumbo zima kwa bei ya mgongo. Ndiyo bati lenyewe linaondoka. Kahawa ni ya mwaka mmoja tu, mama atakasirika, halafu atanyamaza. Mimi namjua."

Nami nilikuwa nimeanza kumjua, na nilijua kwamba hanyamazi. Lakini sitawadanganya kwamba nilifikiria shamba. Nilimfikiria mama yangu amelala kwenye kitanda cha chuma na watu wanauliza fedha iko wapi. Hela ilikuwa pale, kwenye koti lile safi, urefu wa mkono wangu. Nikasema ngoja, nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi na alikuwa amesikia kila neno, maana ukuta ule ulisikia kuliko sikio.

"Mama, mnunue wewe nguruwe wangu. Akizaa watoto wabaki ukooni."

"Simnunui."

"Mama!"

"Nikimnunua leo, kesho ukiuguliwa hutatafuta nguruwe, utanitafuta mimi. Na mimi sizai tena." Akatupa ganda la kiazi. "Nilikwambia huyo ni wa nini?"

"Wa homa."

"Nyumbani kwenu hakuna homa?"

Nilirudi sebuleni nikiwa nimekasirika. Nikamwambia Kaizari, "Shemeji, asante kwa kuja. Kahawa hii ina wenyewe wawili, na mmoja hajauza." Akavaa kofia yake taratibu. Wala hakukunja uso. "Nipo, shemeji. Mkibadilisha mawazo, nipo." Otmari akabaki kaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakunitazama. Alitoka akaenda bandani, akafungua kamba mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima ninayompa mpaka leo marehemu mume wangu: hakukubaliana nami, lakini alimtoa nguruwe.

Palikuwa na katekista mmoja wa kijiji cha Ruanda aliyejulikana anatafuta nguruwe wa kuzalisha. Tukamswaga Mke Mwenza polepole kwa sababu ya tumbo, na nilipogeuka nikamwona mama mkwe anatufuata na fimbo yake. Hakusema anakwenda wapi. Katekista alimzunguka nguruwe, akamgusa mgongo, akataja bei ya kusikitisha, kwa sababu habari za ugonjwa wa mama zilikuwa zimefika kabla yetu. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Mama mkwe akasogea mbele.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Katekista."

"Milele amina, mama."

"Unanunua nguruwe mmoja au wengi?"

"Mmoja, mama. Namwona mmoja."

"Vizuri. Basi andika mmoja. Akizaa, hao wengine tutakuja kuwachukua."

Katekista akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Wakavutana mpaka mke wa katekista akatoka na kusema, "Baba, mpe huyu mama anachotaka, tupumzike." Alinunua kwa bei ya nguruwe mwenye mimba, na tukaondoka. Njiani mama mkwe hakutaja neno la pole. Alisema tu, "Kununua sinunui. Kupiga kelele ni bure."

Nilishuka ziwani juu ya lori la mahindi. Siku hizi lami inateremka mpaka Mbamba Bay na wajukuu wangu wanalala njia nzima. Wakati ule kila kona ulisali, Waanglikana kwa Wakatoliki. Nilimkuta mama wodini, amepungua kama kanga iliyofuliwa sana. Akaniangalia kichwani mpaka miguuni.

"Umeuza nini?"

"Nguruwe, mama."

"Afadhali. Nilifikiri umeuza Mmatengo."

Akaniambia upasuaji ni kesho yake na karibu nusu ya fedha ilikuwa imeshalipwa. Nikauliza na nani. "Na sahani," akasema. Nikaelewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Kwetu, wanawake wanaoanika usipa kwenye vichanja, kila asubuhi wakipata kitu, kila mmoja anamtolea mwenzao mmoja sahani moja iliyojaa. Leo zamu ya huyu, kesho ya yule. Anayepokea anakuwa na mzigo wa kuuza kwa jumla siku hiyo. Nilikuwa nimebeba sahani hizo tangu utoto na nilidhani ni ujirani tu, kama kupeana moto. Ulikuwa upatu. Zamu ya mama haikuwa imefika, lakini wenzake walikuwa wamemsogeza mbele, kila mmoja akakubali kurudi nyuma kidogo. Nikawaona wamekaa nje ya wodi kwenye majani, wananuka samaki, wanagombana nani alale na mgonjwa. Nikawaza jinsi nilivyomwambia Otmari, kwa kujidai, kwamba watu wa kwetu hawajui kuweka. Watu wa milimani wanaweka kwa wanyama. Wa kwetu wanaweka kwa watu. Mama alipasuliwa, akapona, akaishi kuwabeba watoto wangu wote mgongoni.

Ile nusu ya fedha ya nguruwe ikabaki mkononi. Nilikuwa nimeshaambukizwa; niliisikia inaanza kusikia njaa. Ulikuwa wakati wa giza, usipa wameingia kwa wingi, bei imeanguka mpaka wanawake wanatukana. Nikanunua magunia, nikapanda nayo Maguu juu ya lori lile lile, na nikaanza kuuza kwa kikombe. Huku juu watu walikuwa kwenye mwezi wa njaa, wamechoka maharage waliyo nayo, wamechoka mboga wasiyo nayo. Asiye na hela alileta maharage, kikombe kwa kikombe, nami nikayahifadhi kwa majivu. Mama mkwe alisimama mlangoni akaziba pua kwa kanga. "Nyumba yangu inanuka ziwa!" Halafu akala sahani mbili. Usipa ulipoisha nilishuka tena, nikamwona mama anavyopata nafuu, nikapanda na mwingine. Kabla kahawa haijaanza kuwa nyekundu, banda lilikuwa na mkazi mwingine, mdogo, asiye na doa. Otmari alimpa jina la Mke Mwenza wa Pili. Wanawake waliokuja kununua kikombe wakaanza kubaki kuongea, na kutokana na maongezi hayo tukaanzisha upatu wetu wa kwanza pale Maguu, wa maharage badala ya samaki. Upo mpaka leo. Siku hizi wanatumiana fedha kwa simu, nami nawaambia simu ni pindo la kanga tu, hela inalala mle na kusikia kila kitu.

Nasema haya kwa kujivuna, na umri wangu unaniruhusu. Nina nyumba za bati, nina mashamba ambayo kila moja lilinunuliwa na kahawa na si kitu kingine, nimesomesha nesi na walimu na mmoja anayefanya kazi ambayo mimi siielewi. Sikuwahi kushika mshahara. Lakini kila ninapopongezwa namwona mwanamke yule anavyofumba jicho moja kwa sababu ya moshi. Hakuna aliyenipa kitu zaidi yake, na alinipa kwa kuninyima.

Kahawa iliiva mwezi wa sita. Tulichuma nyekundu tu, tukaacha za kijani zingoje, maana aliye na haraka ndiye anayekwangua tawi zima. Otmari alizungusha mashine ya kumenyea mpaka bega likavimba, mimi nikaosha, tukaanika kwenye vichanja na kukaa zamu kuzigeuza. Kule ng'ambo ya uzio jirani zetu nao walichuma, na Bwana Kaizari akaja na magunia yake na koti lake. Akatusalimia kwa heshima. "Hongereni, shemeji. Mwaka ujao je?" Nikamjibu, "Mwaka ujao nitakuuzia usipa." Alicheka, na kweli alikuja kununua. Sisi tulipeleka kahawa yetu chama cha msingi, magunia mengine kwa baiskeli na mengine kichwani, na malipo yalipotoka hatukupita kilabuni wala dukani. Tulipita kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza kipande cha mteremko kilichopakana nasi.

Mama mkwe hakusema lolote. Nilimngoja. Nilipika vizuri, nikafagia uwanja, nikamwangalia usoni kila asubuhi nilipompa shikamoo. Aliitikia marahaba akaendelea na kazi zake, mpaka nikaanza kufikiri amesahau ahadi yake, au ameifuta. Kisha siku moja mchana, niko ndani natengeneza chakula, nikasikia mtu anabisha nje.

"Hodi."

Nikadhani mgeni. Nikatoka nafuta mikono, nikamkuta yeye, amevaa kitenge cha kanisani, amesimama nyuma kidogo ya mlango kama wanavyosimama watu wasio na uhakika. Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa akiingia kwangu kama upepo, anafunua chungu, anahesabu kuni, anaondoka. Nyumba ilikuwa yake, angembishia nani hodi?

"Mama, mbona unapiga hodi?"

"Hodi hapa kwa watu," akasema tena, na hakuinua mguu.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, mama."

Akaingia. Akabaki amesimama mpaka nilipomwonyesha kiti. Hakutazama chungu. Nikampakulia ugali, maharage na usipa, akala taratibu, akanawa, akaniambia asante kwa chakula kama mgeni anavyosema, na sisi wote wawili tukawa hatujui tuangalie wapi. Alipoaga nilimsindikiza, maana mgeni husindikizwa. Tukashuka njia ile tunayoijua wote mpaka kwenye kona ya kahawa. Hapo akasimama, akanigeuza kwa bega.

"Basi, inatosha. Rudi," akasema. "Usiache nyumba yako peke yake."